George V, Wilhelm II na Nicholas II: walikuwa ndugu kwa njia gani hasa, na undugu huo ulikuwa na uzito gani?

Mdadisi wa Nasaba anauliza:

Wanajukwaa, salaam. Karibu kila andiko kuhusu Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia hutaja kwamba Mfalme George V wa Uingereza, Kaiser Wilhelm II wa Ujerumani na Tsar Nicholas II wa Urusi walikuwa binamu, kisha mwandishi huendelea na habari za mizinga na mahandaki bila kueleza nani alizaliwa na nani, wala kama undugu wenyewe ulipitia kwa baba au kwa mama. Husemwa pia kwamba wote watatu walikuwa wajukuu wa Malkia Victoria. Nimechora nasaba yao kwenye karatasi, na nimeweza kuteremka kutoka kwa Victoria hadi kwa George na kwa Wilhelm bila taabu, lakini sioni mstari wowote unaotoka kwake kwenda kwa Nicholas kwa njia ya kuzaliwa.

Naomba mwenye ujuzi anieleze mambo mawili. La kwanza ni nasaba yenyewe, hatua kwa hatua, kwa majina na miaka. La pili ni gumu zaidi. Watu hawa walialikana harusini, walizikana, walipeana vyeo vya heshima katika majeshi yao, hata Wilhelm akawa amirali katika Jeshi la Majini la Uingereza; tena mwishoni mwa Julai 1914 yeye na Nicholas walipelekeana simu za maandishi kwa Kiingereza wakitia saini majina ya nyumbani, Willy na Nicky, huku askari wao wakiitwa kambini. Je, undugu wa namna hiyo ulikuwa na nguvu yoyote katika mambo ya dola, au ulikuwa pambo la karamu tu?

Shajara anajibu:

Ndugu Mdadisi, karatasi yako imechorwa sawasawa. Nicholas hakuwa mjukuu wa Victoria bali mume wa mjukuu wake, na anayetaka kuielewa habari hii lazima awaweke mbele yake wazee wawili, si mmoja: Victoria wa Uingereza na Christian IX wa Denmark.

Tuanze na George na Wilhelm, kwa kuwa hapo njia ni fupi. Victoria, aliyetawala kuanzia mwaka 1837 hadi 1901, aliolewa mwezi Februari 1840 na Albert wa Saxe-Coburg na Gotha, ambaye alikuwa mtoto wa mjomba wake, na wakajaliwa watoto tisa. Kifungua mimba alikuwa binti, naye aliitwa Victoria kama mama yake, ingawa nyumbani walimwita Vicky. Wa pili alikuwa mvulana, ndiye aliyekuja kuwa Mfalme Edward VII. Vicky aliolewa na Friedrich wa Prussia, dola ya Kijerumani iliyokuja kuiunganisha Ujerumani, mwaka 1858, na Januari 1859 akamzaa Wilhelm kwa uzazi mgumu uliomwachia mtoto mkono wa kushoto mfupi na dhaifu maisha yake yote. Edward alimwoa Alexandra wa Denmark mwaka 1863, na George akazaliwa mwaka 1865. Kwa hiyo Wilhelm alikuwa mtoto wa shangazi yake George, na George alikuwa mtoto wa mjomba wake Wilhelm.

Kwa George na Nicholas tunahamia Copenhagen. Christian IX alikuwa mwanamfalme wa tawi la mbali, asiye na mali ya kutajika, aliyechaguliwa kuwa mrithi kwa sababu Mfalme Frederik VII hakuwa na mtoto. Mwaka 1863 mambo yake yote yalifunguka kwa pamoja: mwezi Machi binti yake Alexandra aliolewa na mrithi wa kiti cha Uingereza, mwezi huohuo mwanawe Vilhelm alichaguliwa kuwa mfalme wa Ugiriki kwa jina la George I, na Novemba Christian mwenyewe akarithi kiti cha Denmark. Yaani mwana aliupata ufalme kabla ya baba, jambo ambalo halitokei mara nyingi katika historia. Binti wa pili, Dagmar, alikuwa amechumbiwa na mrithi wa Urusi, lakini mchumba huyo akafariki mwaka 1865, na mwaka uliofuata Dagmar akaolewa na mdogo wa marehemu, ambaye baadaye alitawala kama Alexander III. Mtoto wao wa kwanza ndiye Nicholas, aliyezaliwa mwaka 1868. Alexandra na Dagmar walikuwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, hivyo Dagmar alikuwa mama mdogo wa George, na Alexandra alikuwa mama mkubwa wa Nicholas. George na Nicholas walifanana mno, wenye ndevu zilezile na macho yaleyale, na picha walizopigwa pamoja Berlin mwaka 1913 humchanganya hata mtu aliyezoea kuwatazama.

Baina ya Wilhelm na Nicholas undugu wa damu ulikuwa wa mbali zaidi. Wote wawili walikuwa vilembwe wa Tsar Paul I, mmoja kwa upande wa nyanya yake Augusta na mwingine kwa mstari wa baba moja kwa moja. Kilichowasogeza karibu ni ndoa: mwezi Novemba 1894 Nicholas alimwoa Alix wa Hesse, na mama yake Alix, Alice, alikuwa binti wa Victoria na mdogo wake Vicky. Wilhelm basi alikuwa shemeji, kwa maana ya ndugu wa mke. Ukimtafuta mtu ambaye kweli alikuwa binamu wa hao watatu wote kwa kuzaliwa, utamkuta Malkia Marie wa Romania: baba yake, Alfred, alikuwa mtoto wa Victoria, na mama yake alikuwa dada wa Alexander III. George alitaka kumwoa, naye akakataa.

Sasa, kuhusu uzito wa undugu huo. Maoni yangu ni kwamba ulikuwa na nguvu, ila nguvu yenyewe haikuvuta upande mmoja. Mwaka 1864 Prussia na Austria ziliishambulia Denmark na kuzitwaa Schleswig, Holstein na Lauenburg, wakati Alexandra hajamaliza hata mwaka mmoja wa ndoa yake, na hakuwasamehe Waprussia hadi kufa kwake. Dagmar aliyabeba machungu hayohayo hadi Urusi. Mwaka 1866 Prussia ikaumeza ufalme wa Hanover, na binti wa tatu wa Christian, Thyra, akaja kuolewa na mrithi wa ufalme huo uliokwisha kufutwa. Mabinti watatu, malalamiko mamoja! Kila majira ya joto familia ya Denmark ilikusanyika katika kasri la Fredensborg, wakwe na wajukuu kutoka London, St Petersburg na Athens wakicheza pamoja, na Alexander III, jitu la kutisha huko kwake, akigeuka mtoto miongoni mwa watoto. George na Nicholas walijuana katika mikusanyiko hiyo. Wilhelm hakuwa na nafasi hapo, kwa kuwa hakuwa wa ukoo huo, na kwa kuwa alikuwa Mprussia.

Jaribio la mwisho la kupatanisha lilikuwa harusi ya tarehe 24 Mei 1913 mjini Berlin, ambapo binti pekee wa Wilhelm, Viktoria Luise, aliolewa na Ernst August, mtoto wa Thyra. George alikuja, Nicholas alikuja, na ugomvi wa Hanover ulihesabiwa kuwa umezikwa. Hawakukutana tena wote watatu.

Kalamu ya Zamani anajibu:

Nasaba aliyoitoa Shajara siigusi, iko sahihi. Ninachokipinga ni kuyapa manung'uniko ya akina mama nafasi kubwa kuliko inayostahili. Chuki ya Alexandra kwa Prussia haikutia saini mkataba wowote. Urusi ilifungamana na Ufaransa katika miaka ya 1890, na Ufaransa ilikuwa jamhuri isiyo na mfalme wa kuoza binti kwa mtu yeyote. Aliyekubali mkataba huo ni Alexander III, mume wa Dagmar, aliyeichukia jamhuri kama falsafa lakini akaihitaji kwa sababu ya ramani na kwa sababu ya mikopo.

Ushahidi ulio bora kuliko harusi yoyote ni mkutano wa Björkö. Mwezi Julai 1905, Urusi ikiwa imeshindwa na Japani baharini, Wilhelm alimfuata Nicholas kwa merikebu yake katika ghuba ya Ufini, wakala pamoja, wakakumbatiana, na tarehe 24 wakatia saini mkataba wa kusaidiana endapo mmoja wao angeshambuliwa na dola nyingine barani Ulaya. Huo ndio ulikuwa undugu ukifanya kazi ya dola kwa namna iliyo wazi kabisa: wafalme wawili, meza moja, kalamu moja. Haukudumu. Waziri wa Mambo ya Nje wa Urusi, Lamsdorf, alimwonyesha bwana wake kwamba mkataba ule ulipingana na ule wa Ufaransa, na huko Berlin Kansela Bülow alitishia kujiuzulu kwa sababu Kaiser alibadili maneno ya rasimu bila kumshauri. Miezi michache baadaye karatasi ile haikuwa na thamani.

Simu za Julai 1914 zina hadithi hiyohiyo kwa kipimo cha saa badala ya miezi. Jioni ya tarehe 29 Nicholas, baada ya kuisoma simu ya Wilhelm, alifuta amri ya kuita jeshi lote na kuamuru sehemu tu iitwe. Hapo undugu, au tuseme imani katika neno la ndugu, ulibadili amri ya jeshi kubwa kuliko yote barani Ulaya. Mchana wa tarehe 30 Sazonov, waziri wake, alimketisha na kumshawishi, na amri ya kwanza ikarudishwa. Kwa hiyo ukiniuliza nguvu ya undugu ilikuwa kiasi gani, jibu langu ni chini ya siku moja. Tarehe 1 Agosti Ujerumani ikatangaza vita dhidi ya Urusi.

Kuhusu George, yeye alikuwa mfalme wa kutawazwa, si wa kutawala. Uamuzi wa Uingereza wa kuingia vitani tarehe 4 Agosti ulikuwa wa Baraza la Mawaziri na Bunge, na sababu yake ya karibu ilikuwa kuvamiwa kwa Ubelgiji, nchi ambayo mfalme wake, Albert I, alikuwa naye wa ukoo uleule wa Saxe-Coburg na mama yake alikuwa binti wa nyumba ya Hohenzollern, ukoo wa Wilhelm. Damu ya Kijerumani pande zote mbili haikumpunguzia hata kikosi kimoja cha wavamizi. Kuna methali isemayo kwamba ndugu wakigombana mtu achukue jembe akalime, maana watapatana. Waliolima mwaka 1914 kwa matumaini hayo hawakuvuna.

Mdadisi wa Nasaba anajibu:

Nawashukuru nyote wawili. Björkö sikuwa nimeisikia kabisa, na Marie wa Romania nimemwongeza katika mchoro wangu.

Naomba niongeze maswali mawili yanayotokana na mliyoyasema. Kama undugu haukuweza kuamua vita, je, uliweza hata kuokoa maisha? Nasoma kwamba Nicholas alinyimwa hifadhi Uingereza mwaka 1917, na waandishi hawaelewani nani alimnyima. Pili, kuna ugonjwa wa damu isiyoganda unaotajwa kila penye jina la Victoria. Ulipitaje kutoka nyumba hii hadi nyumba ile, na kwa nini wafalme wa Uingereza wa baadaye hawakuupata?

Mkutubi wa Jioni anajibu:

Nitalijibu la hifadhi, kwa kuwa nyaraka zake zimefunguliwa na hakuna tena sababu ya kubahatisha.

Nicholas alijivua ufalme tarehe 15 Machi 1917 kwa kalenda ya leo. Serikali ya Muda ya Urusi, iliyokuwa na hamu ya kumwondoa nchini kabla hajadhurika, iliiomba Uingereza impokee, na tarehe 22 Machi serikali ya David Lloyd George ilikubali. Kwa miaka mingi baadaye lawama za kuvunjwa kwa ahadi hiyo zilibebwa na Lloyd George, na watu wa kasri waliziacha zikae huko. Barua zilizohifadhiwa zinaonyesha vingine. Kuanzia mwisho wa Machi, katibu binafsi wa mfalme, Lord Stamfordham, alimwandikia Waziri wa Mambo ya Nje, Arthur Balfour, akieleza kwamba mfalme ana mashaka juu ya safari hiyo, kisha tarehe 6 Aprili akaandika mara mbili kwa siku moja, kwa lugha isiyoacha nafasi ya kufasiriwa: wananchi wangechukizwa, vyama vya wafanyakazi vingepiga kelele, na mfalme angewekwa pabaya. Serikali ikaelewa na kurudi nyuma.

Ni haki kuutazama mwaka wenyewe kabla ya kuhukumu. Alix alisemwa kote kuwa ni Mjerumani moyoni, ingawa alilelewa kwa sehemu kubwa na nyanya yake Victoria. Ndege za Kijerumani zilizoilipua London mwezi Juni 1917 ziliitwa Gotha, jina lile lile lililokuwa sehemu ya jina la nyumba ya mfalme. Tarehe 17 Julai George akatangaza kwamba nyumba yake itaitwa Windsor, na jamaa zake wa Battenberg wakawa Mountbatten. Mkubwa wao, Louis, alikuwa tayari ameshalazimika kuacha uongozi wa Jeshi la Majini mwezi Oktoba 1914 kwa kosa la kuwa na asili ya Kijerumani. Mfalme aliyeona viti vikianguka kila upande alikiangalia chake. Aidha, hakuna awezaye kuapa kwamba treni ya Tsar ingefika bandarini, kwani Baraza la Wafanyakazi la Petrograd lilipinga asiondoke, na watoto wake walikuwa wagonjwa wa surua.

Hata hivyo, wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana, na sijaona wawili ambao methali hiyo iliwahusu kwa ukamilifu zaidi. Familia ilipelekwa Tobolsk mwezi Agosti 1917, kisha Yekaterinburg, na usiku wa kuamkia tarehe 17 Julai 1918, mwaka mmoja kamili baada ya tangazo la Windsor, Nicholas, Alix, mabinti wanne, mvulana mmoja na watumishi wanne waliuawa katika chumba cha chini cha nyumba ya Ipatiev.

Baada ya hapo George alijitahidi pale alipoweza. Mwezi Aprili 1919 manowari Marlborough ilimchukua Dagmar, mama yake mdogo, kutoka Crimea pamoja na binti yake Xenia na jamaa wengine. Miongoni mwa abiria alikuwemo Felix Yusupov, mume wa mpwa wa Tsar na mmoja wa waliomuua Rasputin, yule mponyaji wa kidini aliyekuwa karibu na Alix. Mwezi Desemba 1922 manowari nyingine, Calypso, ilimtoa Ugiriki mwanamfalme Andrew, mtoto wa George I wa Ugiriki, aliyekuwa amehukumiwa uhamisho baada ya jeshi la nchi hiyo kushindwa Asia Ndogo. Mtoto wake mchanga, Philip, alilazwa katika sanduku la machungwa. Huyo ndiye aliyemwoa Elizabeth II mwaka 1947, na mwaka 1993 damu yake ndiyo iliyotumika kuitambua mifupa iliyofukuliwa karibu na Yekaterinburg, kwa sababu nyanya yake mzaa mama alikuwa dada wa Alix, na sehemu ile ya vinasaba inayorithiwa kwa mama peke yake ilikuwa ileile kwa Alix na kwake.

Tabibu Mstaafu anajibu:

Ugonjwa huo ni himofilia. Jeni yenye hitilafu hukaa kwenye kromosomu X. Mwanamke ana X mbili, kwa hiyo akiwa na moja mbovu ile nzima humkinga, naye huwa mbebaji asiyeumwa. Mwanamume ana X moja tu, na ikiwa ni mbovu hana kinga. Mama mbebaji humpa kila mtoto mmojawapo wa hizo mbili: kila mvulana ana nafasi nusu kwa nusu ya kuugua, na kila binti ana nafasi hiyohiyo ya kubeba. Mwanamume asiyeugua hana cha kumrithisha mtu. Hilo la mwisho ndilo jibu la swali lako: Edward VII hakuupata, basi hakumpa George V, wala Elizabeth, wala Charles.

Hakuna dalili za ugonjwa huo kwa mababu wa Victoria, na wataalamu wengi huamini kwamba badiliko la jeni lilianza kwake au kwa baba yake, aliyekuwa na umri wa miaka 51 alipozaliwa binti huyo. Mwanawe Leopold aliugua na kufariki mwaka 1884 baada ya kuanguka, akiwa na miaka 30. Mabinti wawili, Alice na Beatrice, walikuwa wabebaji, na kwao ndiko ulikotoka kuingia nyumba nyingine. Kijana wa Alice, Friedrich, alianguka dirishani mwaka 1873 akiwa mtoto mdogo na damu haikukoma. Dada zake wawili walibeba: Irene aliolewa na Heinrich, mdogo wake Kaiser Wilhelm, na wawili kati ya watoto wao watatu wa kiume waliugua; naye Alix aliupeleka Urusi, ambako baada ya mabinti wanne alizaliwa Alexei mwezi Agosti 1904. Mwaka 2009 uchunguzi wa mabaki ya familia hiyo ulithibitisha kuwa ilikuwa himofilia ya aina B, ambayo ni nadra kuliko aina A.

Hapa ningependa kuungana na Kalamu ya Zamani na kumpinga kwa wakati mmoja. Kweli, harusi haziamui vita. Lakini ugonjwa wa Alexei ulifichwa kwa umma, na ni ugonjwa huo uliomfungulia Rasputin mlango wa Alix, na heshima ya kiti cha Tsar ikaliwa na uvumi usioweza kujibiwa kwa sababu ukweli wenyewe ulikuwa siri. Nasaba ilifanya kazi yake ndani ya mwili wa mtoto, bila kuomba ruhusa ya waziri yeyote.

Uhispania habari ilikuwa chungu kwa namna nyingine. Victoria Eugenie, binti wa Beatrice, aliolewa na Alfonso XIII tarehe 31 Mei 1906, na wakati msafara wa harusi unarudi kasri bomu lililofichwa katika shada la maua lilirushwa kutoka roshani. Maharusi walinusurika, wengine wengi wakafa. Watoto wao wawili, Alfonso na Gonzalo, waliugua. Gonzalo alifariki mwaka 1934 na Alfonso mwaka 1938, kila mmoja baada ya ajali ya gari ambayo mtu mwingine angeweza kuponea. Ndugu yao Juan hakuwa nao, na wafalme wa leo wa Uhispania wanatokana naye.

Shajara anajibu:

Kwa kuwa Tabibu ametugusia wa leo, nimalizie sehemu yangu ya nasaba, ambayo itamsaidia Mdadisi kuufunga mchoro wake.

Wafalme watano walioko vitini sasa wanatokana na Victoria: Charles III wa Uingereza, Harald V wa Norwei, Carl XVI Gustaf wa Uswidi, Frederik X wa Denmark na Felipe VI wa Uhispania. Harald ni mjukuu wa Haakon VII na Maud, ambao walikuwa binamu; Haakon alikuwa mtoto wa kaka yake Alexandra, na Maud alikuwa binti wa Alexandra mwenyewe. Mama yake Harald naye alikuwa kitukuu wa Christian IX, hivyo mzee huyo anaonekana mara tatu katika nasaba moja. Charles ana Victoria pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Felipe ni wa kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu ile harusi ya Berlin ya mwaka 1913, ambayo wengine wetu tumeidharau hapo juu, ilizaa binti aitwaye Frederica, aliyekuwa malkia wa Ugiriki. Binti wa Frederica ni Sofia, na mwana wa Sofia ni Felipe. Mfalme wa Uhispania ni kilembwe wa Kaiser Wilhelm.

Philippe wa Ubelgiji hatokani na Victoria bali na Christian IX, kupitia nyanya yake Astrid, na nyumba ya Luxembourg inapitia kwa Astrid huyohuyo. Miongoni mwa wafalme wa Ulaya, anayebaki nje ya wazee hao wawili ni Willem-Alexander wa Uholanzi. Nasaba yake inakutana na ya Nicholas na Wilhelm juu zaidi, kwa Tsar Paul I, ambaye binti yake Anna aliolewa Uholanzi na kuwa bibi mzaa baba wa Malkia Wilhelmina. Wilhelmina ndiye aliyempokea Wilhelm alipovuka mpaka tarehe 10 Novemba 1918, na washindi wa vita walipotaka akabidhiwe kwao ili ashtakiwe, serikali ya Uholanzi ilikataa. Kaiser alikaa Doorn akikata miti na kuandika barua hadi alipofariki tarehe 4 Juni 1941.